Pasi ya Marekani, akaunti Mombasa: hesabu mpaka ya chama

Hii ni ya wale wenye grinkadi au uraia wa Marekani ambao wamerudi kukaa pwani, ama wako huko lakini wana akaunti huku. Mie nimo humo, naishi Mombasa na kila mwaka najaza zile fomu za kuripoti akaunti kwa serikali ya Marekani, na kinachowanasa watu wallahi sio utajiri, ni zile akaunti ambazo mtu hazihesabu kama zake.

Sheria yenyewe iko hivi, ukijumlisha akaunti zako zote za nje ya Marekani na zikapita dola 10,000 hata siku moja tu kwa mwaka, unatakiwa upeleke FBAR, yaani ripoti ya akaunti za nje. Hiyo ni kama milioni moja na laki tatu za kwetu, na kama umeuza kiwanja Mtwapa ama unajenga Kisauni ushapita zamani. Sio kodi, ni kuripoti tu, bure, onlaini kwa FinCEN, kitengo cha Hazina ya Marekani, mbali na ritani ya IRS, wale watoza kodi wa kule. Mwisho Aprili 15 lakini wanakuongeza wenyewe mpaka Oktoba 15 bila kuomba.

Sasa kwenye kujumlisha ndio penye kazi. Unachukua salio la juu kabisa la kila akaunti mwaka huo, kwa hivyo ukihamisha laki saba kutoka benki hii kwenda ile zinahesabiwa huku na huku, pesa ni zile zile lakini ndio utaratibu wao. Akaunti mliyoandikwa pamoja na mama ili umlipie dawa, imo. Ya chama ambayo wewe ni mweka hazina na unasaini cheki, imo pia hata kama hakuna senti yako ndani, na hebu waambie akina mama wa chama unataka steitimenti ya mwaka mzima uone watakavyokuangalia. Mie kazi ya kusaini nawaachia wengine.

Na usidhani hawajui. Tangu FATCA, sheria ya Marekani ya 2010, benki za nje zinatakiwa kuripoti wateja wa Kimarekani, ndio maana ukifungua akaunti unaulizwa kama wewe ni raia wa kule, na ukidanganya hapo unawapa ushahidi kwamba ulikusudia. Kukusudia ndio balaa, faini yaweza kula nusu ya salio. Kosa la kutokujua ni mpaka dola 10,000, nayo hupandishwa kufuata mfumuko wa bei, ingawa 2023 kwenye kesi ya Bittner Mahakama ya Upeo ya Marekani ilisema wahesabu kwa ripoti sio kwa kila akaunti.

Uliyechelewa kwa kutojua kuna mpango wa Streamlined, ritani za miaka 3, FBAR za miaka 6, na maelezo ya kweli kwamba hukukusudia, na anayekaa nje akitimiza masharti hatozwi faini, ila uwahi kabla IRS hawajaanza kukukagua.

Halafu nyinyi wa grinkadi iliyoisha muda, kadi kuisha hakukutoi kwenye kodi, mpaka uirudishe rasmi kwa fomu I-407 ama serikali ya kule yenyewe ikufutie ukaazi rasmi.