Kabla ya Kulipia Karatasi ya Kwanza

Wiki hii rubani msaidizi mmoja amenieleza, kwa furaha ya mtu aliyekwisha kufunga begi, kwamba atafanya karatasi ya mawasiliano, mmoja wa mitihani ya nadharia ya leseni ya urubani ya Ulaya, mwezi huu "kujipima tu", kisha nyingine azifanye ratiba ya kazi itakapolegea. Ni wa tatu mwaka huu. Ninyi mnaotaka kubadilisha leseni za nje ziwe za Ulaya ili muajiriwe na mashirika ya Ulaya, nawapenda, lakini mnanichosha.

1. Anzeni na hati ya afya ya daraja la kwanza, kwani daktari akikataa, ada zote nyingine zimepotea.

2. Uthibitisho wa leseni, yaani ruhusa ya muda ya kurushia leseni yenu ya nje, si ubadilishaji wake: chini ya kanuni za EASA, wakala wa usalama wa anga wa Ulaya, uthibitisho hauzidi mwaka mmoja. Tena, saa zenu elfu tatu katika ndege kubwa hazifuti hata karatasi moja kati ya 13 za nadharia. Huenda zikapunguza masomo tu, kwa kadiri shule itakavyoamua.

3. Hesabuni miezi. Hapa ndipo nilipoumia. Nami nilianza na mawasiliano, nikafaulu kwa alama za kujivunia, nikarudi kazini nikitamba. Miezi sita ikapita bila kufungua kitabu, kwa kuwa niliamini kwamba muda ungeanza kuhesabiwa siku nitakapokaa kwenye karatasi "za kweli". Kanuni inasema wazi kwamba karatasi zote zifauliwe ndani ya miezi 18, kuanzia mwisho wa mwezi wa mtihani wa kwanza, na mawasiliano ni mtihani kama mitihani mingine. Niliporudi nilisoma kwa bidii ya mwenye deni, hotelini baina ya safari, hadi nikafikisha karatasi 11. Uongozaji wa safari ulinishinda kwa alama 73 ilhali zinatakiwa 75. Upangaji wa safari sikuwahi kuufanya. Niliandika barua ndefu ya kuomba mwezi mmoja zaidi, nikaambatanisha hata ratiba yangu ya kazi, nikajibiwa kwa mistari miwili: muda umekwisha, karatasi zote 11 zimefutwa, anza upya. Mke wangu alisoma jibu hilo, akauliza kama rubani hafundishwi kutazama saa. Mara ya pili nilichukua likizo bila malipo, nikamaliza zote kwa miezi minane.

4. Seti nzima ya karatasi ifanyeni chini ya mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi moja, msichanganye.

5. Saa za ukapteni chini ya usimamizi, yaani rubani msaidizi anapofanya kazi ya kapteni huku kapteni akimsimamia, ziandikwe katika safu yake ya kitabu cha saa za kuruka na zitiwe saini na kapteni huyo palepale, maana kapteni aliyestaafu hutafutwa kwa shida.

6. Barua ya mamlaka yenu ya nyumbani inayothibitisha kuwa leseni ni halali iombeni mapema, kabla hata ya kujiandikisha shuleni.