Mafumbo ya maneno yanayosikika sawa: sisi kwenye grupu letu tunayafumbua hivi

Mkuu mleta uzi, nimekusoma. Umeuliza mawili: kwa nini grupu lenu la mafumbo ya maneno yanayosikika sawa limepoa, na mtu ambaye si mwalimu wa Kiswahili anaanzia wapi kuyafumbua, maana kila fumbo likitupwa yuleyule mmoja anajibu fasta na wengine wanabaki kusoma kimya kimya. Mimi ni admini wa grupu la namna hiyo, tuna watu wa Tanga, Dar, Mwanza, Songea, Mombasa na wachache wako Muscat, kwa hiyo nakujibu kwa yale ninayoyaona humo kila siku. Vumilia, ni ndefu.

Huyo anayejibu haraka msimfukuze wala msimnunie. Kinachoua mchezo ni kwamba jibu likishatajwa hakuna cha kufanya tena, mtu anaweka simu chini anaendelea na mambo yake. Sisi tulifuta kabisa habari ya wa kwanza kujibu. Ukishajua, huruhusiwi kutaja, unajibu kwa sentensi yako yenye neno lilelile limefichwa. Kuna siku nilitupia "Nimekanyaga kaa nikaruka", basi wa kwanza akaandika "langu lilizimika mvua ilipoanza", mwingine akaja na "wangu alikimbia kiubavuubavu mpaka kwenye shimo lake", hapo ambao walikuwa hawajapata wakaanza kuhangaika, langu, wangu, kwa nini huyu kasema langu na yule kasema wangu? Na wakapata wenyewe bila kuambiwa. Mmoja alikuwa anasema kaa la moto, mwingine anasema kaa wa baharini. Yule mwepesi wenu akiwekewa sheria hii atawafaa sana maana yeye ndiye atakuwa anatengeneza vidokezo vizuri.

Sasa hapo ndipo penye ufunguo wenyewe, na nasema hivi kwa mtu ambaye ngeli alizisahau siku alipomaliza shule. Maneno yanaweza kufanana herufi kwa herufi lakini kila moja linaburuta kiambishi chake nyuma. Kaa limenichoma, kaa amenibana. Tembo lile (pombe ya mnazi) limechacha, tembo yule ana pembe. Chungu kile kimepasuka, chungu hawa wameingia kwenye sukari. Kwa hiyo anayetega kazi yake ni kutengeneza sentensi isiyotoa upatanisho hata kidogo, ndiyo maana nikasema "nimekanyaga", kitenzi kinanishika mimi hakimshiki kaa, na anayefumbua kazi yake ni kuulazimisha huo upatanisho utokee. Grupu zima lina haki ya kuniuliza mara moja tu kwa kila fumbo: "Admini, sema kwa wingi", au "Admini, weka huyu, hii au hili". Nikisema tumekanyaga makaa, kwisha habari, ni moto. Lakini wajanja wameshajua wingi hausaidii siku zote, kwa mfano mbuzi wa kuchinja na mbuzi ya kukunia nazi wote wingi wao ni mbuzi, hapo ukitumia swali lako kuuliza wingi umelipoteza, ungeuliza huyu au hii. Basi utakuta watu wanabishana kwanza waulize lipi, wanashauriana, wanapigiana kura, na mimi nakwambia hicho ndicho kipande kitamu cha mchezo wote kuliko hata jibu. (Vijana wa mjini wengine hiyo mbuzi ya nazi hawajawahi kuikalia, nazi wanasaga kwenye blenda, kwa hiyo tega ukijua nani yuko ndani.)

Jambo la pili, tumieni sauti. Mafumbo ya sauti mnayataipu kwa nini? Yapo ambayo kwa maandishi ni fumbo zito na kwa sauti si fumbo kabisa. "Amepita barabara" ukiliandika lina utata, ukilitamka unajikamata mwenyewe, maana barabara ya magari tunaikazia pale "ba" ya pili, mtu akikazia "ra" ya kwanza basi anamaanisha kapita sawasawa, bila shida. Walakini nalo ni hivyohivyo, kuna walakini ya kuunganisha sentensi na kuna walakini ya kasoro, mkazo ndio unaotenganisha. Haya weka kwa maandishi. Na yapo ya kinyume chake, kwenye maandishi yako wazi kabisa ila ukituma voisi ndiyo yanakuwa fumbo, nitayafikia hayo.

Lakini kwanza nikusimulie la paa, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niupende mchezo huu kwa dhati. Nilituma voisi nikasema "Fundi kaanguka kwa sababu ya paa", nikiwa nataka wapate paa la nyumba na paa mnyama. Watu wanaendelea kuumiza kichwa, tuna mama mmoja mtu mzima wa Mombasa, sote tunamwita Bi Mkubwa, akatuma voisi anasema wanangu mimi fumbo silioni hapo, admini kashasema ni paa la nyumba, mnyama hatamkwi hivyo. Tukashangaa. Tukamwomba ayaseme yote mawili polepole, akatuma, wengi wetu tukasikia ni kitu kilekile, tukamwambia shikamoo Bi Mkubwa, hatujaona tofauti. Akatuma tena akatuambia wekeni kiganja mbele ya mdomo, karibu kabisa, mseme kama ninavyosema mimi. Paa la nyumba, kiganja kinabaki kikavu. Paa mnyama, pumzi inakipiga kiganja kama mtu anayepuliza kibiriti. Basi usiku ule grupu zima watu wamekaa majumbani kwao wameweka viganja mdomoni, kila mtu anatuma voisi anauliza Bi Mkubwa, hii je, nimepatia? Na yeye anamsikiliza kila mmoja kwa subira, wewe bado, wewe rudia, wewe sasa umefika Mvita (jina la zamani la Mombasa).

Wenyeji wa Mombasa wanayo hiyo pumzi mpaka leo ingawa kwenye maandishi ya kawaida haionyeshwi. Kaa wa baharini ana pumzi, kaa la moto halina. Tembo mnyama ana pumzi, tembo la kunywa halina. Chungu wadudu wana pumzi, chungu cha kupikia hakina. Ukiyapanga hivyo unaona haikuja kwa bahati, yote yenye pumzi yako kwenye kundi lile la majina ambayo zamani yalikuwa na sauti ya puani mwanzoni, ileile iliyobaki kwenye ndege, mbuzi na ng'ombe. Kwenye p, t, k na ch ile sauti ya puani ikapotea na pumzi ndiyo ikabaki mahali pake. Sisi wengi wa bara na wa Dar tumeiacha hata pumzi yenyewe, ndiyo maana kwetu yamekuwa mafumbo. Kwa Bi Mkubwa ni maneno mawili tofauti tangu alipoanza kuongea. Hilo mtu mmoja peke yake na kamusi yake asingelipata, kamusi itakuandikia paa namba moja, paa namba mbili, na kuendelea, haitakupulizia kiganjani.

Ndiyo maana mkuu nakusihi grupu lenu msijaze watu wa sehemu moja. Nilisema nitarudi kwenye mafumbo ya voisi: kuna ndugu yetu ambaye kwao "l" na "r" hazitengani, alituma "Wazee wamekubaliana mahali", nusu ya watu wakaandika mahali pa kikao, nusu wakaandika mahari ya binti, kila upande ukatoa sababu zake, na zote zilisimama. Mwingine "th" yake inatoka "s", akatuma "Nyumba hii ina samani", je, ina makochi na meza au ina bei? Haya ni mafumbo ambayo mimi mwenyewe siwezi kuyatega kwa mdomo wangu, nawategemea wao. Na hapa niko mkali, mtu akimcheka mwenzake kwa matamshi ya kwao namtoa siku hiyohiyo, sijali ni mjuzi kiasi gani, maana akishachekwa hatatuma voisi tena na sote tunakuwa tumepoteza.

Watu wakishindwa kabisa tunafuata utaratibu wa vitendawili, mtegaji anasema nipeni mji, wanampa mji ndipo anatoa jibu. Kumbe hiyo nayo ikazaa mafumbo mengine, maana miji yetu mingi inasikika kama maneno ya kawaida. Mtu anasema nimepigiwa ngoma ndogo, nikaona kitu bila moto, nikatwekewa jahazini, unapata Kigoma, Moshi na Tanga. Mwingine alitega "jongea karibu" akitaka Songea, watu wakaanza kuamini mji umeitwa hivyo kwa sababu ya kusogea, ndugu wa Ruvuma akatuandikia vizuri kabisa kwamba jina ni la nduna Songea Mbano wa Wangoni, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Majimaji. Fumbo tuliliacha, ila sasa kila anayelitumia anaandika na habari ya huyo mzee chini yake.

Kuhusu mara ngapi mtege, lenu moja kwa siku linatosha, baada ya isha watu wakiwa wametulia, na jibu litoke kesho yake asubuhi ili mwenye bando dogo naye awahi kuchangia.

Kesho anza nao na hili, liandike msilitamke: "Shangazi karudi kutoka sokoni na mbuzi na kanga." Lina maana nne kamili. Waambie wazitoe zote nne, kila mmoja achague shangazi karudi na nini hasa, na wana swali moja tu la kukuuliza, kwa hiyo wakubaliane kwanza wanauliza lipi. Njoo utuambie humu waliuliza nini.