Lori la Bedford: tangu swichi ya ufunguo ibadilishwe, injini inashika pale tu unapoachia ufunguo

Swichi si mbovu, karibu hakika. Waya wa koili (inayozalisha cheche za plagi) umefungwa ACC, pini ya redio na vifaa vingine, na ACC hukatika stata ikizunguka, ndiyo maana injini inadaka ukiachia. Toa kebo ya hasi ya betri, hamisha waya huo hadi IG, pini ya kuwashia injini. Rudisha betri, weka gia huru, kisha pima kwa taa ya kupimia: taa iwake kwenye IG ufunguo ukiwa ON na pia START. Ikizimika kwenye START, swichi hiyo haikufai, isipokuwa koili ipate umeme wa pembeni kutoka solenoidi (swichi kubwa ya umeme ya stata). Na kama kuna rezista ya balasti (inayopunguza umeme unaoingia koili), usiiruke! Pointi zitaungua na koili ichemke.

Ukienda Kirinyaga Road, Nairobi, kununua swichi nyingine, beba ile ya zamani na mita. Mpangilio wa pini hutofautiana hata kama sura ni moja.

Usipitishe mzigo wote wa solenoidi kwenye swichi. Weka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo) ya ampea 40, na namba hizi ni za pini zake: ST, pini ya stata kwenye swichi, iende 86, 85 kwenye chasi, 30 betri kupitia fyuzi, 87 solenoidi.