Usipakie Mzigo Kabla ya Karatasi: Ushauri kwa Wanaoiuzia Serikali ya Kenya

Wafanyabiashara wengi wadogo wanaouzia wizara, kaunti na taasisi za umma huogopa kukosa tenda. Hatari kubwa zaidi huja baadaye: unapewa kazi, unaifanya vizuri, kisha unapodai pesa zako huna pa kushika. Mara nyingi deni la mwanakandarasi hupona au hufa kabla lori halijatoka, kutegemea karatasi zilizotiwa sahihi.

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, kifungu cha 135, iko wazi: hakuna mkataba mpaka mkataba wa maandishi utiwe sahihi na pande zote mbili. Barua ya kukujulisha kuwa umeshinda zabuni si mkataba. Simu ya afisa anayekuambia "leta tu, karatasi zitafuata" haikulindi hata kidogo. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliyakataa madai ya Royal Media Services dhidi ya IEBC, tume ya uchaguzi, kuhusu malipo ya matangazo, kwa sababu hapakuwa na mkataba wa maandishi jinsi sheria ya ununuzi inavyotaka. Matangazo yalikuwa yamekwisha kurushwa. Kama kampuni kubwa ya habari ilitoka mikono mitupu, mwenye duka la vifaa vya ofisi asitegemee kuhurumiwa.

Kwa kazi ndogo zinazotolewa kwa kuulizia bei, karatasi yako kuu ni LPO, yaani hati ya taasisi ya kuagiza bidhaa. Isome mstari kwa mstari. Jina la kampuni liwe lilelile la cheti cha usajili, na bidhaa, idadi na bei zilingane na ulichonukuu. Kwa wizara na kaunti, hakikisha imetoka kwenye IFMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kusimamia fedha, haikuandikwa kwa mkono, kisha jibu kwa barua fupi kwamba umeipokea na umeikubali. Uliza pia kama pesa zimetengwa. Si utovu wa adabu: kifungu cha 53 kinamkataza mkuu wa taasisi kuanzisha ununuzi kabla ya kuridhika kuwa fedha zipo. Kuwa mwangalifu zaidi na LPO za mwezi Juni. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30, na deni lisilolipwa kufikia siku hiyo huingia kwenye foleni ya malimbikizo, ambako linaweza kukaa miaka.

Sasa mzigo umefika. Tuseme ni katoni 200 za karatasi za A4. Mtunza stoo anahesabu na kutia sahihi. Hapo wengi hupumua, lakini sahihi hiyo inathibitisha tu kwamba mzigo umeshushwa. Anayeukubali ni kamati ya ukaguzi na upokeaji, na bila cheti chake ankara yako haisogei. Hati ya kupokelea iwe na namba ya LPO, jina kamili la aliyepokea, cheo chake, tarehe na muhuri, nawe ubaki na nakala. Katoni 20 zikikataliwa, sababu iandikwe palepale kwenye hati hiyo na wote mtie sahihi. Usikubali kuambiwa mtazungumza kesho. Baada ya cheti, peleka ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA) pamoja na nakala za LPO, hati ya kupokelea na cheti cha kamati, na nakala yako igongwe muhuri wa tarehe iliyopokelewa. Tarehe hiyo ndiyo itakayoonyesha malipo yamechelewa kwa muda gani, maana kifungu cha 140 kinaruhusu riba kwa malipo yaliyochelewa, isipokuwa mkataba useme vingine.

Ukiombwa kuongeza mzigo katikati ya kazi, omba idhini ya maandishi kwanza. Nyongeza ya idadi haitakiwi kupita asilimia 15 ya mkataba wa bidhaa na huduma, au asilimia 20 ya mkataba wa ujenzi. Ulichoongeza kwa kuaminiana ni rahisi kukataliwa na wakaguzi, hata kama afisa aliyekutuma bado yuko ofisini.

Kwenye zabuni yenyewe, mambo madogo huwatoa watu wazuri. Kurasa zote zipewe namba mfululizo, na viambatisho pia. Jumla iliyo kwenye fomu ya zabuni ilingane na jedwali la bei hadi shilingi ya mwisho, kwa kuwa kifungu cha 82 kinasema bei iliyosomwa siku ya kufungua haisahihishwi. Mwenye cheti cha AGPO, mpango wa kutengea tenda vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, hadaiwi dhamana ya benki. Hujaza fomu ya tamko la kulinda zabuni. Ukiona tangazo linalomdai dhamana, lalamika mapema.

Ukinyimwa zabuni isivyo haki, una siku 14 tu kufika kwenye bodi ya rufaa, PPARB. Hapa watu wengi hupoteza haki zao kwa upole: wanaiandikia taasisi barua ya malalamiko, wanangoja jibu, na siku zinaisha. Barua hiyo haisimamishi saa. Bodi hutoa uamuzi ndani ya siku 21.

Kwa deni lisilolipwa, mkataba na serikali una ukomo wa miaka 3 kuushtaki, si 6 kama ilivyo kati ya watu binafsi. Kila ahadi ya "mwaka ujao wa fedha" hula sehemu ya muda huo, basi weka tarehe ya mwisho kwenye kalenda na umwone wakili mwaka mmoja kabla yake. Hata ukishinda, huwezi kutuma dalali akachukue magari ya serikali. Utaomba mahakamani cheti cha amri dhidi ya serikali, utakipeleka kwa taasisi, na wasipolipa utarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha mkuu wake alipe. Gharama za safari hiyo ziulize kwa wakili kabla hujafungua kesi, uzilinganishe na deni lenyewe.