Ukiumia saiti, usiache tukio lako liandikwe na mwingine

Fundi wa ujenzi akianguka kutoka jukwaani, yupo anayekimbia kutafuta gari na yupo anayekimbia kumpigia bosi simu. Katika miaka yangu ya kushika daftari la mahudhurio saiti, swali ambalo bosi hulitanguliza nimelisikia sana: "Alikuwa amevaa mkanda?" Majeruhi bado yuko chini anagugumia, na tayari kuna watu wanaojipanga kwa ajili ya kesi ambayo yeye mwenyewe hajui kama ipo.

Mimi si wakili. Ni karani niliyejifunza mambo haya kwa kuwasindikiza wenzangu hospitali, ofisi za kazi na kwa mawakili. Nilichokiona ni kwamba madai mengi ya fidia hayafii mahakamani. Hufia palepale saiti, wiki ileile ya ajali, kwa kuwa karatasi ya kwanza iliandikwa na upande mmoja tu.

Kibarua mmoja tuliyekuwa naye alichomwa na msumari akifumua mbao baada ya zege kukauka. Msumari ulipenya kandambili ukaingia unyayoni. Msimamizi akaandika kwenye daftari la ajali: "Ameumia kwa kutovaa buti." Sentensi hiyo haina uongo hata kidogo, na ndiyo ubaya wake. Haikusema kwamba stoo hapakuwa na buti hata jozi moja, wala kwamba gengi nzima siku ile ilikuwa imevaa kandambili na raba zilizochakaa. Tuliomba iongezwe kwamba hakupewa buti, msimamizi akagoma. Basi tukaandika barua yetu, waliokuwepo wakasaini, tukaipeleka ofisini na kuomba nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa. Kidonda kilipoanza kuoza na mguu ukawa hatarini, ni nakala ile iliyomwokoa. Bila hiyo, yangebaki maneno ya msimamizi peke yake.

Kwa hiyo toa taarifa kwa maandishi hata kama bosi alikuwepo akaona kwa macho yake. Taja tarehe, saa, ghorofa ya ngapi na upande upi, ulikuwa unafanya kazi gani, nani alikutuma, na ni kitu gani kilichokatika, kilichoteleza au kilichoanguka. Mkono ukiwa umeumia, mwambie mwenzako aandike, wewe uweke dole gumba. Picha zipigwe mapema. Jukwaa lililomwangusha mtu jioni, asubuhi utalikuta limefungwa reli mpya na mbao nzima, limependeza kuliko siku zote. Ukishapiga, mtumie mtu wa nyumbani papo hapo, maana simu nazo hupotea saiti.

Hospitali, mwambie daktari mwenyewe kwamba umeumia kazini na umeumiaje. Nasema mwenyewe kwa sababu kuna wanaosindikizwa na mtu wa kampuni, naye ndiye anayejibu maswali: "Ameteleza bafuni." Ikishaandikwa hivyo kwenye faili, kuifuta ni kazi. Taja pia kila panapouma, hata kama mguu uliovunjika ndio unaoonekana. Mgongo ambao haukutajwa siku ya kwanza, baadaye utaambiwa uliutoa kwingine.

Sasa niseme kuhusu imani moja inayowafanya watu wanyamaze: "Nilikosea mwenyewe, nitadai nini?" Mfumo wa fidia kwa wafanyakazi, uliotungiwa sheria Ujerumani mwaka 1884 na kuigwa sehemu nyingi duniani, umejengwa juu ya wazo kwamba aliyeumia kazini analipwa bila kubishania nani alikosea. Kuteleza kwako au kuchoka kwako hakukufutii haki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007, kwa mfano, inamnyima fidia aliyejiumiza kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata hapo haimnyimi ikiwa ajali imesababisha kifo au ulemavu mkubwa. Tanzania madai hupelekwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008.

Njia ya pili ni kushtaki kwa uzembe, na hapa nchi zinatofautiana sana. Uingereza mfanyakazi anaweza kumshtaki mwajiri wake moja kwa moja. Kenya sheria imeifunga njia hiyo na kuyaelekeza madai kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo mwaka 2019. Jimbo la New York lina kifungu cha 240 cha sheria yake ya kazi, ambacho humbana mwenye jengo na mkandarasi mkuu pale mtu anapoanguka kutoka juu kwa kukosa vifaa vya kumkinga. Kwa hiyo ushauri wa rafiki aliyefanikiwa nchi nyingine usiubebe mzimamzima.

Lakini swali moja liulize popote ulipo: mbali na mwajiri wangu, nani mwingine anahusika? Saiti moja ina mwenye jengo, mkandarasi mkuu, wakandarasi wadogo, mwenye kreni ya kukodi na aliyefunga jukwaa. Wewe umeajiriwa na mmoja wao, na kosa pengine ni la mwingine kabisa. Sehemu nyingi huyo unaweza kumdai kando, hata pale ambapo mwajiri wako hashtakiki.

Vibarua wasio na mkataba nao hukata tamaa mapema mno. Meseji za malipo, jina lako kwenye mahudhurio, picha ukiwa kazini na maneno ya wenzako vyote vinaonyesha kwamba ulikuwa mfanyakazi. Kama uko ugenini, ujue kuna mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1925, namba 19, unaozitaka nchi zilizouridhia kumpa mgeni kutoka nchi nyingine iliyouridhia fidia sawa na mwenyeji.

Muda usiuchezee. New York mwajiri anatakiwa kuarifiwa ndani ya siku 30. Kenya madai yana miezi 12. Uingereza kesi ya majeraha kwa kawaida ina miaka 3. Uliza wa kwenu wiki ya kwanza, usisubiri bandeji ifunguliwe.

Halafu kuna bahasha. Huja wodini pamoja na matunda na pole nyingi, na ndani yake kuna fedha na karatasi ya kusaini. Fedha za matibabu pokea, unazihitaji. Karatasi soma, na ukikuta maneno kama "sitakuwa na madai mengine yoyote" usisaini hata kama aliyeileta ni mtu mwema. Kiwango cha ulemavu wa kudumu hupimwa jeraha likishatulia, si wakati bado una plasta. Anayekubali kiasi kabla ya kipimo hicho anauza kitu asichojua bei yake.

Wakili naye umchague, asikuchague yeye. Wapo wanaotuma watu kuzunguka wodini kuokota majeruhi, na mimi hao siwapendi. Muulize asilimia yake ni ngapi, gharama za ripoti za madaktari zinatoka wapi, tukishindwa nani analipa, na fedha zitaingia akaunti ya nani. Majibu yawe kwenye karatasi. Mpe nakala, vyeti halisi vibaki kwako. Kama huna uwezo, anza na chama cha wafanyakazi au kituo cha msaada wa kisheria. Madai ya kawaida kwenye mfuko au ofisi ya kazi mara nyingi hayahitaji wakili hata kidogo, yanahitaji mtu mvumilivu wa kujaza fomu na kufuatilia.

Na kama aliyeumia ni mwenzako, chukua namba za simu za wote waliokuwa karibu, siku hiyohiyo. Zege likishamwagwa gengi hutawanyika, huyu kaenda saiti ya pili, yule karudi kwao, na ofisi ikiita mashahidi miezi baadaye utabaki na majina ya utani tu.