Kutembezwa dakika 6, kisha "dawa ya wanaume"

Dada, umeuliza kwa nini mama mwenye presha ya mapafu (presha kubwa kwenye mishipa ya mapafuni) ametembezwa koridoni dakika 6, kupima anafika umbali gani, kisha akaandikiwa sildenafili, ile inayojulikana kama dawa ya nguvu za kiume. Hawajakosea hata kidogo. Dawa hiyo hulegeza mishipa ya mapafuni, upande wa kulia wa moyo ukapunguziwa mzigo. Katika utafiti wa 2005 wenye wagonjwa 278, baada ya wiki 12 waliomeza miligramu 20 mara tatu kwa siku waliongeza umbali wa kutembea kwa takriban mita 45 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa, kwa kipimo hicho hicho cha dakika 6. Eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, hukadiria tu presha hiyo ya mapafu. Uhakika ni mpira mwembamba unaopitishwa mshipani hadi moyoni. Ila kama anatumia nitrati za maumivu ya kifua, asimeze kwanza, daktari aambiwe leo: zikichanganyika, presha ya mwili hushuka vibaya.