Nijuaje mwisho wa nguvu zangu bila kujiumiza?

SWALI: Mambo kaka, mi napiga tizi jim ya mtaani hapa Mbagala, vyuma vyetu vingi ni vya zege. Kwenye benchi nabeba kilo 60 mara 6, ya 7 haipandi. Washkaji wanasema nipakie kilo nyingi nijaribu mara moja tu nijue mwisho wangu, ila juzi mwenzetu chuma kilimlalia kifuani tukakitoa watu watatu. Hakuna njia nyingine?

JIBU: Ipo mdogo wangu, tena nusu umeshaifanya. Kuna hesabu ya Boyd Epley, alikuwa kocha wa nguvu Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani: kilo zidisha kwa mara ulizobeba, gawa kwa 30, halafu jumlisha na kilo zilezile. Kwako 60 kwa 6 ni 360, gawa kwa 30 unapata 12, ukijumlisha na 60 ndo 72, yaani makadirio ya kilo unazoweza kubeba mara moja tu. Matt Brzycki naye alitoa yake 1993, kwanza 37 toa mara ulizobeba, kwako inabaki 31, halafu unazidisha kilo kwa 36 unagawa kwa hiyo 31, inakuja kama 69.7. Basi we shika 70, na ukiambiwa piga asilimia 80 unapakia kilo 56, hamna haja ya kumlaza mtu chini ya chuma asichokiweza.

Ila usije ukachukua chuma chepesi ukapiga mara 20 ukategemea jibu la maana, maana kilo 40 mara 20 Epley anakupa karibu 67 na Brzycki karibu 85, hapo unapima uvumilivu sio nguvu. Kaa kwenye mara 3 hadi 6, chuma kiguse kifua bila kudundishwa, matako yasinyanyuke kwenye benchi, na lazima mtu asimame kichwani kwako kukidaka, maana hata hii ya mara 6 ile ya mwisho ni nzito kweli.

Halafu hizo zege mmezipima? Ndoo mbili za saizi moja zinaweza kupishana kilo kadhaa, kokoto zikizidi huku, maji yakizidi kule, na ukiingiza kilo za uongo jibu nalo la uongo. Zipelekeni kwa muuza vyuma chakavu ana mizani, pimeni na bomba lenyewe, mziandike kwa rangi.

Na huyo mwenzenu kama kifua bado kinamuuma akivuta pumzi aende hospitali leo, asisubiri.